Bolti za Madigadi ya Kulia

Inspekta alifika gereji saa tatu asubuhi, bahasha ya kaki kwapani, na nia ya kumaliza kazi kabla ya chai ya saa nne. Ndani ya bahasha mlikuwa na ripoti ya ukurasa mmoja yenye umri wa miaka kumi na tisa. Ilisema kwamba gari dogo la rangi ya maziwa limekaguliwa na halikukutwa na alama yoyote ya kugonga. Aliyeiandika ni yeye mwenyewe, enzi hizo akiwa koplo wa miaka ishirini na sita na mikunjo ya pasi kwenye suruali. Kilichobaki ni kulitazama gari hilo mara moja tena, kuandika "hakuna jipya," na kulifunga jalada.

Jalada lilifunguliwa upya kwa ajili ya Dereva. Alfajiri moja, miaka hiyo kumi na tisa iliyopita, muuza mikate aligongwa akiwa juu ya baiskeli yake, akafa. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyesimama. Alimfunika marehemu kwa koti lake akakaa naye kando ya barabara mpaka askari wakafika, na askari, kwa kuwa walimkuta yeye, wakamchukua yeye. Alisema ameona gari dogo la rangi ya maziwa likiondoka mbio. Gari la rangi hiyo mtaani lilikuwa moja, na lilikuwa la Mwalimu, mtu aliyefundisha nusu ya mji. Koplo akatumwa kukagua, akakagua, akaandika. Dereva akala miaka mitano na leseni yake ikaenda.

Sasa Dereva ana miaka sitini na minane, anashona viatu, na ameandika barua ya kurasa nne kwa mkuu mpya wa kituo akiomba jambo moja tu, kwamba asife akiitwa muuaji. Mkuu huyo mpya alikuwa mama asiyependa maneno mengi. Alimwekea Inspekta barua mezani akasema, "Wewe ndiye ulikagua. Kamalizie."

Gari lenyewe halikuwa gari tena. Bodi ilikuwa juu ya stendi, tupu kama kabati lililohamwa, na madigadi zote mbili za mbele, mabati yanayofunika magurudumu, zilining'inia ukutani kwa waya. Kwenye rafu kulikuwa na vifuko vidogo vya plastiki, mamia, kila kimoja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: bawaba, boneti, kulia, juu. Mwenye gereji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli na miwani iliyofungwa kamba. Watu walimwita Mama Nati kwa sababu katika miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwona akitupa nati.

"Umekuja kuangalia nini hasa?" alimuuliza.

"Kama liligongwa mbele. Zamani."

"Nani kakwambia halikugongwa?"

Inspekta akaipapasa bahasha. "Kuna ripoti."

"Ripoti." Mama Nati alilisema neno hilo kama mtu anayelitoa jiwe kwenye wali. "Njoo basi nikuonyeshe kitu, maana kimeninyima usingizi wiki nzima. Mwenye gari anataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Si rangi tu. Mpaka bolti. Anataka kulipeleka kwenye maonyesho, na majaji wa kule huinama na tochi wakachungulia vichwa vya bolti kimoja kimoja."

"Bolti si bolti?"

"Ndivyo wanavyosema wote, halafu wanazing'arisha zote zinameremeta kama meno ya bandia, na jaji anawatoa nje asubuhi na mapema. Kung'aa ndiyo kosa la kwanza." Alimwaga vifuko vitatu kwenye sinia la bati, kila kimoja kwenye kona yake. "Hizi za breki, tazama, zina udhahabu uliofifia. Hizi za bawaba ni nyeupe, ila nyeupe ya kimyakimya. Na hizi za madigadi ya kushoto ni nyeusi. Weusi huu si rangi. Ni dawa, walizichovya kiwandani, ikaingia kwenye chuma."

"Unajuaje, baada ya miaka yote hiyo? Mimi naona kutu tu."

"Chini ya washa, hiki kipete cha bati chini ya kichwa cha bolti. Juu kunapigwa na mvua na matope, lakini chini ya washa pamefunikwa tangu siku ya kwanza. Ukiitoa washa unaikuta bolti ilivyovishwa. Gari ni kama maiti, bwana. Aibu yake aijuaye ni mwosha."

Alimwaga kifuko cha nne. Bolti nane, nyeusi zote. Kwa jicho la Inspekta zilikuwa sawa na zile za kushoto, na alikuwa tayari kusema hivyo, kalamu ameshaitoa mfukoni.

"Hizi ni za madigadi ya kulia," Mama Nati alisema. "Nane. Tatu za nyuma ni za kiwandani, zina alama ya mshale kichwani, iguse. Tano za mbele hazina mshale. Vichwa vyake vilikuwa vikubwa, mtu kavipunguza kwa tupa mpaka spana ikakubali. Kazi safi, siyo ya ovyo. Mimi mwenyewe nilipozifungua sikuziona. Nimekuja kuziona nilipotaka kuzisafisha." Alichovya kitambaa cheupe kwenye thina, akaisugua bolti ya kushoto. Kitambaa kikabaki cheupe. Akasugua moja ya zile tano, na kitambaa kikatoka na doa.

Inspekta akainama. Doa halikuwa jeusi kabisa. Lilikuwa na ukijani ndani yake.

"Rangi gani hii sijui," Mama Nati alisema. "Ya gari siyo, ya nyumba siyo. Haina mng'ao wala mafuta. Ikikauka inakuwa kama unga. Mtu alikuwa anauiga weusi wa kiwandani, na nusura anipate."

Inspekta alikichukua kitambaa. Akalisugua doa kwa kidole gumba, akanusa, akasugua tena. Kisha akaichukua ile bolti na kuipeleka dirishani. Mikwaruzo ya tupa ilikuwa imelala upande mmoja tu, mistari myembamba iliyofuatana, bila hata mmoja wa kurudi nyuma. Tupa inakata ikienda, ikirudi, inyanyue. Alilisikia somo hilo kwa Mwalimu akiwa na miaka kumi na nne, kwenye karakana ya shule, na likizo ya mwaka huohuo alipewa kopo na brashi, yeye na kiranja mwenzake, wapake upya mbao za madarasa kumi na mawili. Rangi ya ubao. Haing'ai, kwa sababu iking'aa wanafunzi wa pembeni hawasomi. Kwa juma zima mikono yake ilikuwa na ukijani.

"Unaifahamu?" Mama Nati aliuliza.

"Na kwenye madigadi yenyewe?" aliuliza Inspekta.

Mama Nati alichukua sumaku iliyofungwa uzi, akaining'iniza kwenye madigadi ya kulia. Ikang'ang'ania nyuma, ikang'ang'ania katikati, na ilipofika mbele karibu na taa ikaanguka. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena. "Puti ya kuzibia," alisema. "Nene kama mkate. Chini yake bati limepondwa, kisha likanyooshwa kwa nyundo. Sasa niambie, huyo aliyekagua akaandika ripoti, alikuwa kipofu au alipewa kitu?"

"Hakupewa kitu."

"Basi mvivu."

"Alikuwa na heshima."

"Heshima kwa gari?"

Inspekta aliirudisha bahasha kwapani. Masikio yalikuwa yanamwaka, na alishukuru kwamba Mama Nati alikuwa ameinama kuzirudisha bolti kwenye vifuko vyake.

Mlango mdogo wa geti ukagongwa, akaingia binti wa Mwalimu, mkoba begani, funguo za gari lake jingine mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na minane na bashasha ya mtu anayelipia kitu anachokipenda. Ndiye aliyelitoa gari la baba yake chini ya turubai, baada ya miaka mingi, ili mzee aone linatembea tena kabla macho yake hayajazima kabisa.

"Dada fundi, za tangu juzi? Shikamoo, afande. Nimeambiwa mtakuja kukagua namba za chasisi."

"Marahaba. Namba ziko sawa," Inspekta alisema. "Nilikuwa nauliza tu kama madigadi hii iliwahi kutengenezwa."

"Ya kulia? Hata mimi dada fundi kaniambia. Lakini Baba hakulinunua jipya, jamani. Alilinunua kwa daktari wa meno, limeshatumika miaka sita. Na yule daktari walisema alikuwa hawezi kurudi nyuma bila kugonga nguzo."

Hapo Inspekta alifanya jambo ambalo baadaye hakulipenda. Alifurahi. Alitoa daftari haraka, akaandika "daktari wa meno" na kupigia mstari, akauliza jina la mtaa wake na kama yu hai, akauliza mwaka wa kununua. Binti alijibu yote kwa moyo mweupe. Daktari alikwisha kufa, na marehemu hawezi kukana nguzo. Kwa dakika mbili nzima Inspekta alikuwa na ripoti yake imesimama wima, Mwalimu yuko salama, naye yuko salama nyuma yake.

"Sasa daktari alikuwa na gari la rangi gani?" Mama Nati aliuliza, bado kainama.

"Bluu. Bluu mbaya. Baba ndiye aliyelipaka ya maziwa, nilikuwa na miaka kumi, nilishika kopo."

Mama Nati alinyooka, akaishusha madigadi ukutani, akaiweka mezani kwa upole. Pembeni mwa mdomo wa taa alikuwa amekwangua kwa msasa kiduara kidogo, na rangi zilionekana zimepangana kama maganda ya kitunguu. "Bluu hii hapa, chini kabisa. Maziwa hii. Puti iko juu ya maziwa. Halafu maziwa nyingine juu ya puti."

Binti alikitazama kile kiduara, akamtazama fundi, kisha akamtazama Inspekta, na bashasha ikamtoka usoni taratibu.

"Kwani kuna nini?" aliuliza.

"Nitaongea na Mwalimu kwanza."

"Nimeuliza kuna nini, afande. Ni mimi niliyesema kila bolti iangaliwe."

"Najua," Inspekta alisema. "Ndiyo maana imeonekana."

Binti akakaa kwenye tairi la akiba. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini yeye hakujua uvunguni kuna nini.

Inspekta alizitia bolti tano kwenye bahasha ya vielelezo, akajaza hati, akatia sahihi, akampa Mama Nati atie yake kama shahidi. Kwa kuwa meza ilikuwa na madigadi juu yake, alikuwa ameiweka hati juu ya ile ripoti ya zamani, na hati ilikuwa fupi kuliko ripoti. Sahihi mbili zikaonekana, moja juu, moja chini, zote zenye kitanzi kilekile cha kujidai mwishoni. Mama Nati alizitazama. Akasogeza miwani. Kisha akasaini, akairudisha kalamu, akageukia vifuko vyake. Inspekta alitamani heri angemtukana.

Mwalimu alikuwa barazani nyuma ya nyumba yake, kwenye kiti cha kamba, redio mapajani. Macho yalikuwa na ukungu, lakini aliitambua sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa wa watu, siku hizi hata hupiti. Karibu. Piga hodi jikoni wakuletee chai."

"Leo sinywi, Mwalimu." Alivuta kigoda akakaa chini yake, kama alivyokaa siku zote. Akatoa bolti moja kwenye bahasha na kuiweka katika kiganja cha mzee.

Mwalimu aliigeuza. Kidole gumba kikapita juu ya kichwa, kikarudi, kikapita tena, na uso wake ukapata utulivu wa mtu anayesahihisha daftari zuri.

"Tupa nzuri hii," alisema. "Haikukwaruza ikirudi. Nani kaipiga?"

Kidole gumba kikapunguza mwendo. Kikasimama.

"Ya dawati," Mwalimu alisema polepole.

"Ndiyo."

"Imetoka kwenye gari."

"Kwenye madigadi ya kulia. Ziko tano."

Mzee aliizima redio. Mkono ulitafuta kitufe muda mrefu. "Shule ilikuwa imefungwa," alisema. "Niliivuta madigadi, bolti za mbele zikakatika. Dukani ningeulizwa. Nikachukua za madawati. Siku tatu nilikuwa karakana peke yangu. Nilikuwa nakwenda kituo cha mtihani alfajiri ile, nimechelewa, taa moja haiwaki. Nilisikia kishindo tu. Nikasema ni ndoo. Nikajiambia ni ndoo mpaka nilipofika."

"Na siku ya hukumu?"

"Nilifika mpaka getini mwa mahakama. Nikawakuta wanafunzi wangu wawili wa zamani, wakaniamkia, wakanipokea mkoba. Nikageuka nao." Aliigeuza bolti kiganjani. "Naona aibu, mwanangu. Hata gizani humu naona aibu."

Inspekta alikuwa anaandika, na kalamu ikawa inakwama.

"Wewe ulikuja siku ya nne," Mwalimu aliendelea. "Unakumbuka? Nilikuwa nimesimama palepale penye gari. Puti ilikuwa haijakauka. Nilikuwa nimeshapanga cha kusema. Nilijiambia, akifungua boneti tu, namwambia yote, nipumue. Ukaja, ukavua kofia, ukaniamkia kwa mikono miwili. Nikakuuliza utaangalia gari? Ukasema, 'Mwalimu, mimi nikukague wewe?' Tukaingia ndani. Ukaomba kijiko cha tatu cha sukari."

Inspekta alikumbuka. Alikumbuka hata kikombe. Ripoti aliiandika juu ya meza ya Mwalimu, na mahali fulani alikosea herufi, Mwalimu akamsahihisha.

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba mtu mwenye la kusema husema hata boneti ikiwa imefungwa, na ingekuwa kweli. Lakini ukweli huo ulikuwa wa Mwalimu kuubeba, na wa kwake ulimtosha.

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitayasema. Binti yangu ajue kwanza."

"Anajua puti iko juu ya maziwa, Mwalimu."

Mzee akaifumba bolti kiganjani, kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba si yake, akaifumbua na kuirudisha.

Dereva alikuwa na kibanda cha mbao mbele ya chumba chake, mlango kwa mlango na majirani sita waliotumia ua mmoja. Alikuwa na kiatu cha shule kati ya magoti na sindano mdomoni. Mkewe alikuwa anaanika nguo.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

Dereva aliitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kiatu, akavuta uzi. Hakuitikia.

"Nimekuja kuhusu barua yako. Aliyegonga amepatikana. Amekiri. Nimeandika maelezo ya kupeleka mahakamani ili hukumu yako iangaliwe upya, na ya kwanza kwenye jalada ni yangu mimi."

"Wewe ndiye yule koplo," Dereva alisema. "Wa suruali."

"Ndiye."

"Nilikwambia gari la rangi ya maziwa. Ukaniambia nisiwachafue watu wenye heshima zao." Alikata uzi kwa meno. "Waswahili husema tenda wema nenda zako. Mimi wema niliutenda. Kwenda zangu ndiko kulikonishinda."

Mkewe alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshausikia utani huo miaka kumi na tisa, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Soma," Dereva alisema.

Inspekta alikaa kwenye benchi la wateja, akakunjua karatasi. "'Mimi, niliyelikagua gari hili miaka kumi na tisa iliyopita, naeleza kuwa sikulikagua. Sikufungua boneti, sikugusa madigadi, sikuinama. Mwenye gari alikuwa mwalimu wangu na niliona haya. Nilikunywa chai yake, nikaandika kuwa gari ni zima. Kwa maandishi hayo mtu asiye na kosa alifungwa—'"

"Inuka," Dereva alimkatiza. "Mtu akikaa sauti haitoki. Na huyu mama ana sikio moja zima, alipigwa na malaria nikiwa ndani. Anza mwanzo."

Inspekta aliinuka. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, na mwanamke alikuwa ameacha kutwanga. Kwingine mtu alipunguza redio. Alianza mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na alipofika kwenye chai uso ulikuwa unamwaka mpaka shingoni, lakini hakuruka neno. Alimaliza, akakunja karatasi, akabaki amesimama katikati ya ua bila kujua mikono aiweke wapi.

"Mzee," alisema, "nilikuamkia."

"Nilisikia. Shikamoo yako nimeiweka." Dereva alikichukua kiatu cha pili akakigeuza kutazama soli. "Hakimu akishasoma hiyo karatasi, njoo uichukue marahaba yako. Sasa soma tena. Wa chumba cha mwisho hakuwepo, ndiyo kwanza anaingia."

Inspekta akaifungua karatasi.